Damu yangu iko 9 na mboga za majani nakula kila siku. Nianzie wapi?

FundiCherehani_Mbagala
Wakuu habari za muda huu. Mimi ni dada wa miaka 29, naishi Mbagala, nashona nguo Kariakoo. Juzi walikuja watu wa damu salama karibu na ofisini kwetu, nikapanga foleni na wenzangu nichangie. Kunitoboa kidole tu, wakaniambia dada wewe hapana: damu yako ni 9.1, na anayechangia anatakiwa awe na 12.5 kwenda juu. Wakanishauri niende kituo cha afya.

Sasa mimi silali njaa. Asubuhi chai ya rangi na chapati, mchana wali maharage na mchicha kwa mama lishe, nashushia na chai nyingine maana bila chai cherehani haiendi. Usiku ugali na matembele. Nyama ni Mungu akijalia. Mimba sina. Uchovu nilidhani ni ngazi za ghorofa ya tatu na kusimama kwenye daladala.

Halafu natafuna sana barafu. Muuza juisi wa pale chini akiniona tu anafunika ndoo yake. Na udongo ule wa sokoni huwa nao kwenye pochi.

Jirani anasema ninywe rozela na bitiruti, shoga yangu anasema ninunue vidonge vya kuongeza damu duka la dawa, yaishe. Natanguliza shukrani.

Chuma Ulete
Dada hiyo damu inavutwa, angalia vizuri hao majirani wanaokushauri. Nimekaa pale, wajuzi wanakuja.

MamaWawili
Pole mdogo wangu. Rozela ilinisaidia nikiwa na ujauzito wa pili, ingawa niseme ukweli, vile vidonge vya kliniki nilikuwa nameza pia, kwa hiyo sijui nimshukuru nani.

NesiWaZamu
Mleta uzi, usiende duka la dawa bado. Soma kwanza.

Chuma chote kwenye mwili wa mtu mzima ni kama gramu 3 hadi 4, na theluthi mbili hivi imo kwenye hemoglobini, ile inayobeba oksijeni, ndiyo hiyo 9.1 waliyokupima. Kikipungua, moyo unakimbizana kufidia, ndiyo maana ngazi zinakushinda. Mwanamke anayepata hedhi anashauriwa apate miligramu 18 kwa siku. Mwanaume 8 zinamtosha.

Mchicha una chuma, sikatai. Ila chuma cha majani na maharage kinafyonzwa kidogo, tofauti na cha nyama, maini na samaki. Na hicho kidogo wewe unakimwagia chai. Tanini ya chai inakikamata tumboni, kinaishia chooni. Chai kunywa, ila isogeze saa moja au mbili mbali na chakula. Kahawa nayo ni vilevile. Mchicha ukamulie ndimu mezani, au kula na kachumbari, au chungwa baada ya wali: vitamini C inakisaidia chuma cha mimea kupita. Maharage ya nyumbani loweka usiku kucha umwage yale maji, fitati, zile zinazozuia chuma kufyonzwa, zinapungua. Na kwa mfuko wa mtu wa Mbagala, tia dagaa kwenye hayo matembele. Hata wakiwa kiganja kimoja, wanasaidia chuma cha mboga zilizo pembeni yao kufyonzwa.

Bitiruti ni nzuri, lakini gramu 100 hazifikishi hata miligramu moja ya chuma. Watu wanadanganywa na rangi.

Barafu na udongo: hamu hizo tunazijua, ni dalili ya chuma kupungua. Barafu haina neno. Udongo acha, wenyewe unazuia chuma kufyonzwa, na unaweza kuwa na mayai ya minyoo.

Ila kwa umri wako, 9.1 mara nyingi haiji kwa chakula peke yake. Damu inatoka mahali. Hedhi yako ikoje?

FundiCherehani_Mbagala
Nyingi da nesi. Inatoka na mabonge, usiku naweka pedi mbili na bado naamka kufua shuka. Mama naye alikuwa hivyohivyo, nikajua ndiyo ukoo wetu.

NesiWaZamu
Basi hilo ndilo la kwanza kumwambia daktari, kabla hata ya habari za mchicha. Omba picha kamili ya damu, feritini ili waone akiba ya chuma, choo waangalie minyoo ya safura, na altrasaundi ya kizazi. Uvimbe wa kizazi ni jambo la kawaida kwa akina dada, na ndoo inayovuja huwezi kuijaza kwa dagaa.

Shujaa_SS
Naongezea hapo kwenye vipimo. Mimi nina selimundu. Sisi damu inapungua kwa sababu seli zinavunjika, chuma chenyewe kinabaki mwilini. Ukiwa mtu wa kuongezewa damu mara kwa mara kinajaa mpaka kinaharibu ini na moyo. Shangazi alininunulia vidonge vya kuongeza damu kwa upendo kabisa, daktari akavitoa mezani. Kwa hiyo tuache kupeana dawa kwa namba ya damu tu.

KakaWaTandika
Nadandia uzi. Mimi ni mwanaume, 45, damu 10. Na mimi nikamue ndimu?

NesiWaZamu
Kaka wewe nenda hospitali wiki hii. Mwanaume hana hedhi, kwa hiyo tunaanza kutafuta damu inayovuja tumboni: vidonda, minyoo, hata uvimbe kwenye utumbo. Kama unameza dawa za maumivu kila siku kwa ajili ya mgongo, waambie. Choo kikiwa cheusi kama lami na hujameza vidonge vya chuma, usingoje kesho.

FundiCherehani_Mbagala
Nimerudi wakuu. Feritini imekutwa chini sana, na kuna uvimbe mdogo kwenye kizazi, nina miadi na daktari wa wanawake. Nimeandikiwa vidonge kimoja siku moja, kesho yake naruka. Shoga yangu anasema wamenibania dozi.

NesiWaZamu
Hawajakubania. Ukimeza chuma, ini linatoa homoni ya hepsidini inayofunga mlango kwa karibu siku nzima, cha kesho yake kinafyonzwa kidogo na tumbo linakusumbua bure. Meza kwa maji au juisi ya chungwa, mbali na chai na maziwa. Choo kitakuwa cheusi, usishtuke. Damu ikifika 12 usiache, akiba inajazwa kwa miezi kama mitatu mingine. Na kama kuna watoto ndani, vifungie juu kabatini, vidonge vichache tu vinaweza kuua mtoto mdogo.

Chuma Ulete
Da nesi, maini ya kuku yanahesabika? Naulizia rafiki.

NesiWaZamu
Yanahesabika, tena yana chuma kuliko ya ng'ombe. Ila rafiki yako akiwa mjamzito asiyazoee, vitamini A yake ni nyingi mno kwa mtoto.