Sheria ya NASA ya 2004 kuhusu wafanyakazi ilibadilisha nini hasa?

Mchokonozi: Wadau naomba kueleweshwa. Kuna hii NASA Flexibility Act aliyosaini Rais Bush Februari 2004, wanasema iliipa NASA, lile shirika la anga za juu la Marekani, uhuru zaidi wa kusimamia wafanyakazi. Sasa NASA si ina mabosi wake, kabla ya hapo ilishindwa nini kumwongezea injinia hela ikimtaka? Au uhuru wenyewe ndo ule wa kutimua watu?

Afisa Utumishi: Mkuu, serikali ya Marekani bosi hajipangii tu mshahara wa mtu. Watumishi wengi wako kwenye jedwali la mishahara linaloitwa General Schedule, madaraja 15, kila daraja hatua 10, unapanda taratibu. Kampuni binafsi ikimtaka mtu wa roketi inaweka dau mezani leo leo, NASA bado inatafuta kifungu. Na kipindi kile wainjinia na wanasayansi wao wa zaidi ya miaka 60 walikuwa wengi kuliko wa chini ya 30, yaani wazee wanajiandaa kuondoka na nyuma yao hakuna mtu. Ndo sheria ikaruhusu bonasi kubwa zaidi za kumvuta mtu, kumhamisha au kumbakiza, kwa nafasi nyeti inaweza kufika nusu ya mshahara wa mwaka, ila unasaini kwamba utatumikia muda fulani. Halafu ajira za mkataba hadi miaka 6 zinazoweza kugeuzwa za kudumu, na ufadhili wa masomo kwa wanafunzi ambao wakimaliza wanakuja kulipa kwa kufanya kazi. Kutimua sio lengo lake kabisa.

Kauzu: Sawa, ila bonasi anaamua nani? Bosi huyo huyo. Ukimchekea unapata, ukimbishia unaambiwa nafasi yako si nyeti 😂 Na kumbuka mwaka mmoja kabla, Februari 2003, chombo chao cha anga Columbia kilikuwa kimesambaratika na wanaanga 7 wakafa, wachunguzi wakasema utamaduni wa pale ulichangia, wainjinia walikuwa na wasiwasi na haukufika juu. Hilo halitibiki kwa bonasi.

Afisa Utumishi: @Kauzu hapo upo sahihi, utamaduni ni kesi nyingine. Ila kwenye upendeleo walijaribu kuziba, NASA ililazimika kwanza kuandika mpango wa wafanyakazi, ionyeshe nafasi zipi nyeti na kwa nini, wafanyakazi wauone na watoe maoni, ndo uende Bunge.

Mzee wa Data: Linganisha na wizara ya ulinzi yao. Nao walipewa mfumo wao wa kusimamia wafanyakazi mwishoni mwa 2003, uliitwa NSPS, ila ule uligusa hadi mishahara ya kawaida na haki ya vyama vya wafanyakazi kujadiliana, vyama vikaenda mahakamani, 2009 Bunge likaufuta. Wa NASA ulikuwa unaongeza juu ya kilichopo, haunyang'anyi mtu, kelele zikawa chache.

Mchokonozi: Aisee nimewapata. Ila mtu akichukua bonasi halafu akasepa kabla ya muda, anairudisha yote au?

Afisa Utumishi: Inategemea mkataba wake unasemaje, ndo maana unawekwa kwa maandishi kabla hela haijatoka.