Nina kanda za Simba na Zamalek 2003, nataka kuwachomea DVD wazee wa tawi, naanzaje?

MtotoWaKeko
Habari zenu wakuu. Marehemu baba mdogo alikuwa na handycam ya Sony, zile za kanda ndogo za milimita 8, na 2003 Simba ilipocheza na Zamalek ya Misri hapa Dar aliingia nayo uwanjani, enzi hizo Uwanja wa Taifa ndio huu wa Uhuru wa sasa hivi, akakaa mzunguko akarekodi mechi yote. Kanda ziko mbili, kipindi cha kwanza na cha pili, zimeandikwa kwa peni, mwandiko wake kabisa. Mechi yenyewe mnaikumbuka, tulishinda 1-0 hapa, Cairo wakatupiga 1-0, ikaenda matuta (penalti) na Kaseja yuko golini, tukawatoa mabingwa watetezi wa Afrika 3-2.

Sasa wazee wa tawi letu la Simba wengi simu zao za kitochi, huwezi kuwatumia video, ila deki za DVD wanazo nyumbani na zinafanya kazi. Nataka nichome kama 30, kila mzee apate yake, bure. Jana niliweka kanda moja kwenye kamera nikaona dakika kama mbili, picha inaruka na mistari meupe inapita, nikaogopa nikazima. Nifanyeje? Na pia nauliza, nikate nibakize goli na matukio makubwa tu? Maana kuna sehemu ndefu mzee anapiga mashabiki tu na muuza karanga.

FundiKanda
Pole na msiba kaka, na umefanya vizuri sana kuzima. Usiiweke tena kwanza. Shika kanda angalia kwenye kile kidirisha chake, ukiona kama unga mweupe pembeni ya mkanda hiyo ni ukungu, unyevu wa Dar unakula sana kanda, na ukiicheza hivyo ule ukungu unahamia kwenye hedi za kamera, vile vichwa vinavyosoma mkanda, halafu unaenda kuharibu na kanda ya pili. Hiyo mpelekee fundi aisafishe. Kama ni safi basi shida ni hedi zimechafuka tu, tafuta kanda ya kusafishia, ipitishe sekunde chache, halafu pitisha kanda yako mbele mpaka mwisho na urudishe mpaka mwanzo bila kucheza, ndio uanze.

Kamera ichomeke kwenye umeme, usitegemee betri ya miaka 20. Toa waya wa njano na wa sauti ziingie kwenye kile kifaa cha kunasia video cha USB, kompyuta ipokee kwa PAL (mfumo wa TV wa hapa kwetu), 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde. La muhimu kuliko yote, faili la kwanza lihifadhi kubwa vile vile, usilibane, nakala moja kwenye hadi diski ya nje na nyingine uiweke nyumba nyingine kabisa. Hilo ndio mama. DVD ni mtoto tu.

Kwenye DVD sasa, diski ya kawaida ni GB 4.7. Dakika 90 kwa MPEG-2 (aina ya video ya DVD) ya megabiti 6 kwa sekunde inakula kama GB 4, unabaki na nafasi ya menyu ndogo yenye vipindi viwili. Watu wanabana mechi mbili tatu kwenye diski moja halafu mpira unakuwa kama uji, huuoni unaenda wapi. Angalia pia sauti dakika ya mwisho ya kila kipindi, hivi vifaa vya bei rahisi sauti inaweza kuanza kuachana na picha taratibu, mtu anapiga shuti unasikia baadaye.

JangwaniDamu
Mimi Yanga lakini kwenye hili tuko pamoja. Mkuu nakuomba USIKATE. 20 Oktoba 2013 ile 3-3 ya Simba na Yanga nilirekodi na kamera ndogo nikiwa upande wetu, mpaka mapumziko tunaongoza 3-0, nyie mnajua kilichotokea kipindi cha pili. Nilipofika nyumbani nikatengeneza kipande cha magoli tu nikawachomea washkaji, na zile faili nzima nikafuta kwa sababu kompyuta ilijaa. Magoli hayo leo unayapata popote. Ila ile nyimbo tuliyokuwa tunaimba mapumziko, watu wamesimama wote mpaka zege linatetemeka, hiyo haipo tena popote na niliishika mkononi. Naumia mpaka leo. Huyo muuza karanga muache, wazee watamtambua.

Na usibandike stika za karatasi juu ya diski, zangu zilianza kunyanyuka kwa joto zikagoma kwenye deki. Andika kwa makapeni tu.

MswahiliWaMuscat
Asalaam aleikum. Nimesoma hii nimesisimka, siku ile nilikuwa mzunguko, nimesimama mechi nzima. Huku Muscat tupo Simba wengi, TV zetu ni PAL kama nyumbani na ukiacha rijoni (ile alama ya eneo la dunia kwenye diski) wazi itacheza hata huku. Akipatikana mtu anasafiri naomba diski moja, hela ya chai yake juu yangu.

MtotoWaKeko
Aleikum salaam, utapata inshallah. FundiKanda kuna mjumbe ameniambia tuuze 5,000 kila moja iingie mfuko wa tawi. Unaonaje?

FundiKanda
Usiuze. Picha kapiga baba mdogo ni kweli, lakini mashindano ni ya CAF, shirikisho la soka Afrika, na wenye haki wapo, ukianza kupokea hela kumbukumbu inageuka biashara na maswali yataanza. Wachangie bei ya diski tupu, basi. Choma spidi ya 4 au 8, sio 16, tumia DVD-R, na uifunge (finalize) ukimaliza, maana isipofungwa, kwenye kompyuta inacheza ila kwenye deki haisomi.

MtotoWaKeko
Wakuu nimerudi. Kanda zilikuwa safi, hedi ndio zilikuwa na tatizo. Nimenasa zote mbili usiku wa kuamkia leo, sijakata hata sekunde. Kipindi cha pili mkono wake unaanza kutetemeka, picha inacheza, na kuna sauti inauliza "dakika ngapi zimebaki?", jirani anamjibu saba, kidogo tu anauliza tena, anajibiwa sita na nusu. Ni yeye. Sikuwa nimesikia sauti yake tangu tumzike, mama alitoka chumbani akaja akakaa chini karibu na kompyuta tukaangalia mpaka mwisho bila kuongea.

Nimechoma moja ya majaribio. Kesho asubuhi naipeleka kwa mzee wetu mmoja Temeke, deki yake ndio ya zamani kuliko zote, ikisoma pale naendelea na 29 zilizobaki.