Mrejesho: mpini wa rivolva yangu ya mashindano
Wakuu nimerudi kama nilivyoahidi. Niliuliza nichukue mpini wa mpira au wa mbao kwa Smith & Wesson 686 ninayopigia mashindano huku Marekani, maana vidole vyangu vifupi na kila nikivuta triga mdomo wa bunduki unakimbilia pembeni.

Nimechukua mbao, laini, haina michoro wala vile vibonde vya vidole. Mpira unang'ang'ania kiganja, ukiikamata vibaya wakati wa kuchomoa ndo imetoka hiyo, huwezi kuurekebisha mkono. Halafu fremu (kiunzi cha bunduki) za saizi ya K na L za Smith & Wesson, hii 686 ni L, zinavaa mpini mmoja ila angalieni kitako cha fremu ni cha duara au cha mraba, mi nusura nilipie wa mraba aisee.

Sasa kimbembe, spidiloda, kile kifaa cha kuingiza risasi zote kwa mpigo, ikawa inagonga ubao wa kushoto wa mpini, risasi haziingii zote. Nikaufungua nikapiga msasa namba 120 kidogokidogo, kila mara naurudisha najaribu na risasi bandia, mpaka zikadondoka zenyewe, nikamalizia na 400 na mafuta ya mbao. Mgongoni nimepunguza kama milimita 2, kidole sasa kinafika triga bila kuusogeza mkono. Rangi imetoka madoamadoa, sijali.