Wenye watoto wa IEP (mpango wa elimu maalum wa mtoto) Marekani: distrikti (mamlaka ya shule za eneo lako) inakurusha ofisi nyingine, ofisi inakurudisha distrikti. Tupeane uzoefu

Mama Tatu (Iowa): Habari wapendwa, mwanangu ana miaka minne maneno hayatoki vizuri. Shule wanasema mtu wa spichi (wa kumsaidia mtoto kuongea) si wao ni wa AEA (wakala wa elimu wa eneo), nikipiga AEA naambiwa anza na shule. Mliopita huku mlifanyaje jamani?

Baba K: Pole dada. Mimi pia niko Iowa, hapa mwalimu wa darasa ni wa distrikti ila saikolojia na spichi wanatoka AEA, ziko kadhaa jimbo zima. Kwenye kikao cha IEP wanakaa meza moja lakini simu zako kila mtu anamsukumia mwenzake, na tangu sheria ya jimbo ya 2024 igeuze mambo ya hela ndo kabisaa. Kisheria mwenye mzigo ni distrikti, hata huduma itoke kwingine. Omba tathmini KWA MAANDISHI. Ukishasaini kukubali, sheria ya IDEA (ya elimu maalum, ya nchi nzima) inawapa siku 60 wamalize hiyo tathmini, japo majimbo mengine yana muda wao.

Bi Mkubwa wa Philly: kwetu Pennsylvania ni tofauti, wa miaka 3 hadi kuanza shule wengi wako chini ya Intermediate Unit (ofisi ya elimu inayohudumia distrikti za eneo), wa kwangu alipofika kindergarten faili likahamia distrikti na hapo katikati spichi ikasimama mwezi mzima kila upande ukidai karatasi hazijafika 🙄 nikaenda mwenyewe na kopi zangu mkononi. Wiki ileile wakaanza.

Mukongomani: miye walinipa mkalimani wa simu, mtu wa Mombasa, mimi wa Bukavu, tulisikilizana nusu nusu 😂 ila mkalimani ni haki yako mama, wasikuletee mtoto wako mkubwa atafsiri. Na usisaini kitu hujaelewa, kataa tu, omba siku ingine.

Dada wa Ohio: wangu darasa lake liko distrikti ya jirani, maana kwetu watoto wa hivyo ni wachache, basi distrikti hizo zimejiunga. Basi likachelewa kila siku, wenye darasa wakasema basi si letu. Nikaitisha kikao cha IEP, distrikti ya nyumbani ikaitwa, usafiri ukaandikwa mle ndani ya IEP. Likianza tena kuchelewa naonyesha ukurasa.

Mama Tatu: Asanteni sana. Hiyo barua nampelekea nani sasa, mwalimu?

Baba K: Mkuu wa shule, na nakala kwa mkurugenzi wa special ed wa distrikti. Weka tarehe, ipige picha kabla hujaitoa.