Mwanafunzi wa ukutubi akiandika historia ya maktaba, amefanya utafiti au amesimulia hadithi?

Mpangarafu
Wadau, habari zenu. Nasoma shahada ya uzamili ya ukutubi, yaani fani ya kazi za maktaba. Nimepeleka pendekezo la kuandika historia ya maktaba moja ya mkoa, 1970 hadi 1990, kwa mbinu ya kihistoria: barua za ofisi, madaftari ya kusajili vitabu, mahojiano na wastaafu. Jopo limenirudishia, limesema hii ni hadithi, nikatafute sampuli na nitengeneze dodoso, ile karatasi ya maswali ya kujaziwa na watu. Mimi naamini mbinu hii ina nafasi yake katika fani yetu. Nyinyi mnasemaje?

Dodoso Kwanza
Jopo liko sahihi. Maktaba zetu zinakufa kwa kukosa wasomaji, wewe unataka kufukua 1970. Mkuu wa maktaba akikuuliza anunue vitabu gani mwaka huu, utamjibu kwa daftari la 1974? Tena utafiti huo mtu mwingine hawezi kuurudia akapata jibu lilelile. Na tuseme ukweli, wengi wanaokimbilia historia wanakimbia hesabu. Kwanza kuna nini cha kuandika? Kabla ya mkoloni hatukuwa na maktaba huku. Tulipopata uhuru Nyerere akafungua ile ya Dar 1963. Kurasa mbili zinatosha.

Mwana wa Amu
Hatukuwa na maktaba, nani kakwambia? Neno "chuo", kabla halijawa jengo lenye wanafunzi, lilikuwa kitabu. Mwanachuoni ni mtu wa vitabu. Hati za Msikiti wa Riyadha, Lamu, zimepigwa picha za kidijitali kwa mpango wa British Library, maktaba ya taifa ya Uingereza, wa nyaraka zilizo hatarini. Mtaalamu wa Kiswahili J.W.T. Allen alizunguka pwani akikusanya hati za Kiswahili na za Kiarabu, zikawekwa maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na orodha yake ikachapwa 1970. Alizikuta wapi, juu ya minazi? Alizikuta kwa watu, ndani ya makasha.

Mimi nimelishika kasha la namna hiyo kwa mikono yangu. Kitabu cha wakfu ukikifungua, ukurasa wa kwanza umeandikwa: hakiuzwi, hakitolewi zawadi, hakirithiwi. Kama hiyo si kanuni ya maktaba, niambie ni nini.

Dodoso Kwanza
Kasha la nyumbani si maktaba, ndugu yangu. Maktaba ni huduma ya umma. Kuna katalogi, yaani orodha ya vitabu, kuna kuazima na kurudisha, na mtu yeyote anaingia.

Msomi wa Eastlands
Mtu yeyote anaingia? Maktaba ya McMillan hapa Nairobi ilifunguliwa 1931, na Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma hadi miaka ya hamsini inaelekea ukingoni. Kwa kipimo chako basi nayo haikuwa maktaba miaka yote hiyo. Ya Seif bin Salim kule Mombasa, ya 1903, hata hukuitaja. Unatoa hukumu juu ya historia ambayo hujaisoma.

Kisomo
Na hiyo 1963 umeichanganya. Iliyo ya 1963 ni sheria ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanganyika. Jengo la Maktaba Kuu ya Taifa Nyerere alilifungua tarehe 9 Desemba 1967. Sheria nyingine ikaja 1975. Hata kabla ya 1963, East African Literature Bureau, shirika la vitabu la enzi za mkoloni lililoanzishwa 1948, lilikuwa linapeleka vitabu mashambani kwa masanduku na kwa posta. Mkutubi Sidney Hockey akaandika ripoti yake juu ya maktaba za Afrika Mashariki 1960, na ile sheria ya 1963 ikafuata.

Dodoso Kwanza
1963 au 1967, msomaji wa leo anapata faida gani?

Kisomo
Anajua huduma haikuanza na jengo. Watu walisomeshwa vitabu kwa sanduku kabla hatujawa na ukuta wa maktaba hiyo. Halmashauri ya leo inayosema haiwezi kuanzisha maktaba mpaka ipate fedha za jengo, inahitaji kuambiwa jambo hilo na mtu aliyesoma mafaili. Kazi ya mbinu ya kihistoria ndiyo hiyo: hati hii ya lini, kaiandika nani, alitaka nini, na inagongana na hati ipi.

Msomi wa Eastlands
Nami niulize. Wale wazee wa Mau Mau walioishtaki Uingereza kwa mateso ya enzi za ukoloni, wangeshinda kwa dodoso? Mwaka 2011, kesi ikiwa mahakamani, ikabainika serikali ya Uingereza ilikuwa imeficha Hanslope Park, kwenye majengo yake kulekule Uingereza, mafaili kama 8,800 kutoka makoloni 37. Mwaka 2013 ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wazee zaidi ya 5,200. Wanahistoria walisoma karatasi hizo moja moja.

Dodoso Kwanza
Hizo ni nyaraka, si maktaba. Msituchanganyie fani.

Mwana wa Amu
Kile chuo cha Bagamoyo kinaitwaje? Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi Nyaraka. Fani moja hiyo. Halafu la "chuo" hujanijibu.

Dodoso Kwanza
Nimechoka kufanywa adui wa vitabu. Miaka kumi na moja nimesimamia maktaba ya shule. Rafu sita, mbili zimeliwa na mchwa. Kila mwaka naomba fedha, na kila mwaka naulizwa swali moja: wasomaji wangapi? Hakuna aliyewahi kuniuliza maktaba ilianza lini. Nikikosa namba, nakosa vitabu, na watoto wanarudi nyumbani mikono mitupu. Ndiyo maana nasema hesabuni. Lile la kukimbia hesabu nimekosea, nalifuta.

Kisomo
Hilo la rafu nimelielewa, mwalimu. Pole sana.

Mpangarafu
Nashukuru wote. Naomba niwaonyeshe nilichonacho. Mle maktabani nimetoa vitabu 40 kwenye rafu, vyote vya miaka ya sitini na sabini. Kila kimoja, jalada la nyuma kwa ndani, kina karatasi ya tarehe, ile inayogongwa muhuri wa siku ya kurudisha. Mihuri imesongamana miaka ya sabini, halafu 1982, 1983, inakatika. Karatasi nyeupe mpaka chini. Mimi naiona ile hali ngumu ya uchumi: vita vya Kagera vya 1978 na 1979, fedha za kigeni hakuna, vitabu vipya haviji, wasomaji wanakata tamaa. Mwalimu Dodoso, hizi nazo ni namba.

Dodoso Kwanza
Ni namba, lakini muhuri hausemi sababu. Umeona mihuri imekoma, ukaijazia vita na fedha za kigeni kutoka kichwani mwako. Mwingine atakuja na sababu yake, na ndiyo maana niliuliza tangu mwanzo: nani ataurudia utafiti huu apate jibu lilelile? Mmenijibu habari za makasha na mahakama, hilo mmeliruka.

Mama Kadi
Wanangu, salaam. Mimi nimestaafu, nilianza kazi maktaba ya mkoa 1976, nilikaa meza ya kuazimisha. Naomba mnisikilize kidogo.

Karatasi ya tarehe ikijaa hatukuwa tunaibandua. Ukiibandua inang'oka na jalada. Tulikuwa tunabandika mpya juu yake. Gundi ilipoadimika tukapika uji wa muhogo, tukabandikia huo, na mende wakaupenda. Kisha wino wa muhuri nao ukaadimika. Tukaandika tarehe kwa penseli, na penseli inafifia. Kwa hiyo mwanangu Mpangarafu, ukiona mihuri imekoma 1982, usiandike kwamba wasomaji walikoma. Kipeleke kitabu dirishani, ukiinamishe, mwanga upite kwa ubavu. Na ukingo wa karatasi uuguse kwa kucha, uone kama ni moja au ni mbili.

Dodoso Kwanza
Shikamoo mama. Hilo sasa ni jambo ambalo mtu yeyote anaweza kwenda kulihakiki. Mpangarafu, tafadhali nenda katazame. Nataka kujua ni vingapi.

Msomi wa Eastlands
Shikamoo mama. Na kadi za katalogi zilienda wapi? Kwetu ziliuzwa kwa kilo, muuza njugu akafungia njugu zake. Nilinunua pakiti moja, nikaikunjua, nikakuta jina la mwandishi na namba ya rafu. Nilisikia uchungu wa kweli.

Mama Kadi
Marahaba, wanangu. Zetu zilichomwa, kompyuta zilipoletwa. Niliomba niachiwe droo moja, nikanyimwa.

Mwana wa Amu
Basi tuanze na hilo jamani. Kila mwenye madaftari ya zamani ayapige picha kabla hayajachomwa. Jopo litabishana baadaye.

Mpangarafu
Nimerudi sasa hivi. Katika vile 40, 17 vina karatasi mbili, na kimoja kina tatu. Dirishani penseli inaonekana kabisa. Kitabu cha ufugaji wa nyuki, ambacho jana ningeapa hakuna aliyekigusa baada ya 1982, kina tarehe za penseli hadi Machi 1987, kila wiki mbili, karibu bila kuruka. Sura nzima niliyokuwa nimeandika juu ya wasomaji kukata tamaa nimeifuta.

Dodoso Kwanza
Kila wiki mbili kwa miaka mitano? Wasomaji hao walikuwa wengi kiasi gani?

Mama Kadi
Kitabu cha nyuki nakikumbuka. Walikuwa wawili, mtu na jirani yake. Mmoja akikirudisha asubuhi, mwenzake yuko pale pale mezani anakisubiri.