Dirisha la duka la nguo: nimpe msanii wa waya, mchoraji wa kioo au msusi wa ukili?

Mshonaji_Mikocheni

Salamu kwenu, ndugu wanajukwaa. Nina duka la nguo za kitenge na kitani hapa Dar es Salaam. Kwa miaka minne dirisha langu limekuwa na midoli mitatu ninayoibadilishia nguo kila wiki, kama wafanyavyo majirani zangu wote, na nimeona wazi kwamba wapita njia hawaligeukii tena. Nimeamua kumkabidhi msanii dirisha hilo, nami nimezungumza na watatu. Wa kwanza anasuka sanamu za waya. Anataka kutengeneza kundi la kanga, yaani ndege wenyewe, wakivuta vitambaa kwa midomo yao. Wa pili ni mchoraji wa mtindo wa Tingatinga ambaye angechora moja kwa moja juu ya kioo. Wa tatu ni mama wa Pemba anayesuka ukili wa majani ya ukindu, ambaye angetundika mikanda mirefu iliyotiwa rangi kutoka darini hadi chini, na nguo zikaonekana katikati yake. Natakiwa kuwajibu kabla ya mwisho wa mwezi. Ninyi mngemchagua nani?

Fundi_Vioo

Dada Mshonaji, umetueleza habari za wasanii lakini hukutueleza habari za dirisha. Lina upana na kimo gani, na kina chake kutoka kwenye kioo hadi ukuta wa nyuma ni kiasi gani? Linatazama upande gani wa jua? Nyuma yake kuna ubao, au mtu aliye nje huona hadi ndani ya duka? Una bajeti ya kiasi gani, na kazi hiyo ungependa ikae miezi mingapi? Na je, fremu ya duka ni yako au umepanga? Bila majibu hayo, atakayekushauri atakuwa anakisia tu.

Bint_Wete

Mimi naunga mkono ukili bila kusita. Watu wengi wanadhani ukili ni wa mikeka tu, ilhali msusi hodari anaweza kuupa mkanda mmoja michoro ambayo ukiisogelea huwezi kuacha kuifuata kwa macho. Ukindu ni mwepesi, haulemei dari, na ukitiwa rangi nyekundu na zambarau unakaa vizuri sana karibu na kitani ambacho hakijatiwa rangi. Zaidi ya hayo, duka linalouza kitenge, kitambaa ambacho asili yake si ya hapa kwetu, lingepata heshima kubwa likitanguliza mbele yake kazi ya mikono ya pwani.

Msoma_Sanaa

Nakupongeza, dada, kwa sababu unaingia katika jambo lenye historia ndefu. Mwaka 1961, msanii wa Marekani Andy Warhol alitundika picha zake tano nyuma ya midoli katika dirisha la duka la Bonwit Teller, New York, wakati ambapo nyumba za sanaa zilikuwa bado hazijampokea kama mchoraji. Hata hivyo, mfano ninaoupenda zaidi ni wa Leïla Menchari, mwanamke mzaliwa wa Tunis, ambaye alisimamia madirisha ya Hermès, kampuni ya mitindo ya Ufaransa, katika mtaa wa Faubourg Saint-Honoré, Paris, kuanzia mwaka 1978 hadi 2013. Aliyabadilisha mara nne kwa mwaka, akiwapa kazi wachongaji, wafumaji na mafundi wa kila aina, na mwaka 2017 kazi zake zilionyeshwa katika jumba la Grand Palais. Ninachokusihi ukikumbuke hapo ni hiyo mara nne kwa mwaka. Dirisha la msanii huwa na msimu wake, nao ukipita hubadilishwa.

Mshonaji_Mikocheni

Naomba radhi kwa kuacha mambo ya msingi. Dirisha lina upana wa mita 3.2, kimo cha mita 2.4 na kina cha sentimita 70. Nyuma yake kuna ubao wenye mlango mdogo. Linatazama magharibi. Bajeti yangu ni shilingi 2,500,000 pamoja na taa. Fremu nimepanga. Kuhusu muda, nakiri kwamba nilifikiria jambo la kudumu, na maneno ya Msoma_Sanaa yamenifanya nianze kuhesabu upya.

Fundi_Vioo

Hilo la magharibi ndilo lililo zito kuliko yote uliyoyataja. Hapa kwetu jua la saa sita linakuwa karibu utosini, kwa hiyo dirisha la kaskazini au la kusini haliteseki sana, lakini la magharibi hupigwa na jua lililoinama tangu saa tisa alasiri mpaka linapozama. Kioo cha kawaida huzuia sehemu tu ya miale inayofifisha rangi. Inayobaki inatosha kuharibu kitambaa, na hata rangi ya ukindu. Utaona upande unaotazama kioo umepauka huku upande wa nyuma ukiwa kama ulivyokuwa siku ya kwanza.

Jambo la pili ni kioo chenyewe kugeuka kuwa kioo cha kujitazamia. Mtaa ukiwa na mwanga mkali na nyuma ya kioo kukiwa na giza, mpita njia ataona magari na sura yake mwenyewe, hataona hao kanga wa waya hata kidogo. Dawa yake ni kupaka ubao wa nyuma rangi nyeupe au ya maziwa, kuweka taa zinazomulika kazi kutoka mbele na juu badala ya kuzificha nyuma, na kujenga kibaraza cha turubai kwa nje ili kivuli kianguke juu ya kioo. Waya mwembamba mweusi mbele ya ubao mweusi utapotea kabisa. Kwa dirisha la namna hii mimi ningemchagua mchoraji, kwa sababu rangi iliyo juu ya kioo chenyewe inasomeka hata jua likiwa kali.

Chuma_na_Waya

Mimi ninafanya kazi za waya, kwa hiyo nitamtetea mwenzangu, lakini kwa haki. Waya si lazima uwe mweusi wala mwembamba. Ndege wa waya mnene aliyejazwa vipande vya kitenge ndani ya mbavu zake anaonekana vizuri hata mbele ya ubao mweupe. Mwulize anatumia waya gani: ule mweusi wa kufungia nondo hushika kutu haraka kwa hewa yetu ya bahari, na kutu ikidondokea kitani haitoki, kwa hiyo atumie waya uliopakwa zinki. Mwulize pia atatundikia wapi. Dari ya jipsamu haibebi kitu. Sharti kulabu zifike kwenye zege au kwenye mbao za kenchi.

Kuhusu uchoraji, ndugu Fundi amesahau jambo. Wachoraji wa Tingatinga tangu mwanzo wametumia rangi za mafuta zenye kung'aa, zile za kupakia baiskeli, juu ya ubao. Rangi hiyo ikikauka juu ya kioo cha mtu mwingine, kuiondoa ni kazi ya wembe na dawa kali, na kioo kinaweza kuchunika. Rangi ya maji hutoka kwa urahisi, ila inabidi ichorwe kwa ndani, na anayechora kwa ndani hufanya kila kitu kinyume: macho na madoa hutangulia, mandhari ya nyuma hufuata mwisho. Wasenegali wana utamaduni mzima wa kuchora nyuma ya kioo kwa namna hiyo. Je, mchoraji wako amewahi kujaribu?

Mama_Duka_Mombasa

Mwanangu Mshonaji, nivumilie nikueleze yaliyonipata, maana sipendi yakupate na wewe.

Nilimwalika kijana mmoja, msanii mzuri kwa kweli, anitengenezee ndege wa pwani kwa magazeti na gundi ya kupikwa ya unga wa ngano. Alileta korongo kumi na wawili, wakubwa kwa wadogo, na siku ya kwanza watu walisimama nje ya duka hadi njia ikazibika. Dirisha langu lilikuwa kama lako, lenye ubao nyuma na halina tundu la hewa. Mchana likawa tanuri, usiku unyevu ukaingia, kisha masika yakaanza. Katika wiki ya tatu niliona vidoa vya kijivu chini ya mabawa. Wiki ya tano ukungu ulikuwa umeenea, harufu ikaingia hadi kwenye magauni yaliyotundikwa karibu, na mende wakaifuata ile gundi ya unga. Magauni saba sikuweza kuyauza tena.

Lakini hasara hiyo siyo iliyoniuma zaidi. Kwa kuhangaika kuokoa kilichobaki, niliwakata mabawa yaliyooza, nikawapaka rangi nyeupe ya ukutani wale waliosalia, nikawapanga upya kwa namna niliyoona inapendeza, na wala sikumpigia simu mwenyewe. Alipita siku moja akawaona. Aliingia akasimama kimya, kisha akaniomba jambo moja tu, kwamba kadi yenye jina lake niiondoe dirishani. Niliiondoa. Hatujazungumza tena, na mpaka leo najua kwamba nilimkosea. Kazi ilikuwa ndani ya duka langu na nilikuwa nimeilipia yote, lakini mkono ulikuwa wake.

Msoma_Sanaa

Pole sana, Mama. Uliyoyasimulia yana ndugu yake mashuhuri. Machi 1939, duka lilelile la Bonwit Teller lilimwalika mchoraji wa Hispania Salvador Dalí apambe madirisha mawili, moja la kuonyesha mchana na jingine usiku. Alipomaliza akaenda kulala. Aliporudi akakuta wenye duka wamebadilisha kazi yake bila kumwambia. Aliingia ndani ya dirisha kwa hasira, akalisukuma beseni kubwa la kuogea lililokuwa sehemu ya pambo hilo, nalo likapasua kioo na kutokea mtaani pamoja naye, na polisi wakamkamata. Huyo kijana wa Mombasa alikuwa na subira kubwa kuliko Dalí.

Kwa upande wa Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mtunzi hata baada ya kazi yake kununuliwa. Andikianeni mapema nani ana ruhusa ya kugusa nini.

Mzee_wa_Samora

Hapo siwezi kukubaliana nawe, ndugu yangu Msoma_Sanaa. Dirisha ni la kuuzia nguo. Mwenye duka hawezi kumtafuta msanii kila mara anapotaka kusogeza gauni kwa sababu limeuzwa. Nimeuza nguo kwa zaidi ya miaka thelathini, na ninaamini kwa dhati kwamba pambo linalomfanya mtu alisifu pambo na kuisahau nguo limemnyima mwenye duka haki yake. Hata wasanii wa Marekani Robert Rauschenberg na Jasper Johns, walipokuwa wakipamba madirisha ya New York miaka ya 1950, walitumia jina la kubuni la Matson Jones, kwa sababu hawakutaka kazi hiyo ichanganywe na sanaa yao. Walijua kwamba dirisha ni kibarua.

Msoma_Sanaa

Mzee wangu, nakuheshimu, lakini mfano huo unaweza kusomwa kinyume. Walificha majina kwa sababu zama zao ziliwadharau wapambaji. Mwaka 2006 kampuni ya mikoba na mitindo ya Louis Vuitton ilimwalika msanii Olafur Eliasson, naye akajaza madirisha ya sikukuu kwa taa yenye umbo la jicho iliyowamulika watu wa mtaani, jina lake likatajwa waziwazi, na malipo yake akayaelekeza kwenye mradi wake wa kusaidia yatima Ethiopia. Mwaka 2012 kampuni hiyohiyo ilijaza madirisha yake madoa ya duara ya msanii wa Japani Yayoi Kusama, na mikoba yenyewe ikabeba madoa hayohayo. Pale hakuna aliyesahau bidhaa, kwa kuwa bidhaa na pambo vilizungumza lugha moja.

Bint_Wete

Na hilo ndilo linalonirudisha kwenye ukili. Dada anaweza kumwomba msusi mikanda inayofuata rangi za nguo za msimu huo. Kuhusu kupauka, mikanda igeuzwe kila baada ya wiki mbili, na tundu za hewa zitobolewe juu na chini ya ubao ili yaliyompata Mama wa Mombasa yasijirudie, kwa maana ukindu nao hushika ukungu.

Mzee_wa_Samora

Ukiusuka kwa rangi za nguo, nguo zikiisha utausuka upya. Nani atalipa mara ya pili?

Mshonaji_Mikocheni

Nimesoma kila neno, na nawashukuru, hasa Mama wa Mombasa. Leo nimefanya mambo mawili. Nimemuuliza mchoraji kuhusu rangi ya maji naye amekataa. Anasema rangi zake hazing'ai zikichanganywa na maji, na ninamwelewa. Kisha nimezungumza na mwenye fremu. Hataki kibaraza cha turubai kwa nje mpaka wapangaji wengine watatu wakubali, na kwa rangi ya mafuta juu ya kioo anadai amana. Wamebaki kanga wa waya na mikanda ya ukili, na ninafikiria kama bajeti yangu inaweza kuwapa wote wawili miezi mitatu mitatu badala ya kumpa mmoja mwaka mzima. Je, ni heshima kumwambia msanii kazi yake itashushwa ili nyingine ipandishwe?

Chuma_na_Waya

Ni heshima ukimwambia kabla hajakata waya wa kwanza, na ukimwambia kazi itakaposhushwa itakwenda wapi. Je, itarudi kwake, itabaki kwako, au mtaiuza na kugawana?

Fundi_Vioo

Kabla ya hayo yote, simama nje saa kumi alasiri kwa siku tatu, upige picha za dirisha likiwa tupu, kisha ubandike karatasi nyeupe ubaoni upige tena. Tuletee picha hizo hapa.

Mshonaji_Mikocheni

Nimebandika karatasi leo. Wingu limetanda tangu adhuhuri, kwa hiyo nasubiri kesho.