Mada: SAR (ombi la kupewa taarifa zangu walizonazo) baada ya usaili – wameandika kwamba sieleweki

Kutoka: Mama Zawadi, Leeds

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za wikiendi.

Ijumaa nimejibiwa usaili wa kazi ya mapokezi kwenye ofisi moja ya hapa mjini, jina naliacha. Mtihani wa kuandika nilipita. Ule wa simu, mama mmoja wa paneli aliigiza mkazi ambaye pipa lake la taka halijachukuliwa wiki mbili. "The" zote alizimeza kama watu wa hapa Yorkshire wanavyozimeza, "bus" akaitamka kwa u yetu kabisa, na bado nilimwandikia jina, mtaa na postikodi bila kukosea herufi. Barua pepe yao inasema hawana hakika kama wateja watanielewa.

Niko hapa mwaka wa 14. B1 ya Kiingereza ninayo, ILR (ruhusa ya kuishi bila kikomo) ninayo. Nataka noti walizokuwa wanaandika wakati naongea. SAR naituma HR (idara ya wafanyakazi) au kwa DPO (afisa wa ulinzi wa data)? Na Equality Act, sheria ya kuzuia ubaguzi, niitaje sasa au nisubiri noti?

Kutoka: Deo, Reading

Pole sana dada. Itaje sasa hivi, lafudhi inalindwa na sheria.

Mimi nilipokuwa nafanya kazi care home, nyumba ya wazee, meneja wetu, kijana wa London, alinipanga zamu za usiku tupu akidai wazee hawanielewi. Yeye mwenyewe "water" anaikatia t kooni. Chumba cha mwisho kulikuwa na bibi, mjane wa jaji. Asubuhi nikimalizia zamu, kijana akimpelekea maji, bibi haipokei glasi: "T, kijana. Nataka kuisikia t." Nilikuwa mlangoni na trei, nikaona masikio ya kijana yanavyoiva. Mimi yule bibi hakuniambia nirudie neno hata siku moja. Ndipo nilipojua hawa watu wanapimana wenyewe kwanza, halafu ndiyo wanatufikia sisi. Mkubwa wao anatamka kila herufi, mdogo anameza.

Kutoka: Njeri, Coventry

Deo, usimpoteze mwenzako. Equality Act 2010 ina sifa 9 inazozilinda. Lafudhi haimo, tabaka halimo. Mama Zawadi ataingilia kwenye race, yaani asili ya taifa, na itabidi aonyeshe lafudhi yake imeshikana na hiyo asili. Mzungu wa Barnsley, huko Yorkshire, akinyimwa kazi London kwa matamshi yake hana pa kushika kabisa.

Kutoka: Baba Imani, New Jersey

Namuunga mkono Njeri, na niongeze: hilo la "kila herufi" si kweli. Chukueni r ya "car". Uingereza wakubwa wanaiangusha. Anayeitamka wazi, mtu wa Devon kwa mfano, anachukuliwa kama wa shamba. New York ni kinyume, kuiangusha ndiko kunakomshusha mtu. Mwaka 1962 mwanaisimu William Labov alizunguka maduka makubwa matatu: Saks la matajiri, Macy's la watu wa kati, S. Klein la bei ya chini. Anamuuliza muuzaji kitu anachojua kiko ghorofa ya nne, ili ajibiwe "fourth floor", kisha anajifanya hakusikia ili arudiwe. Alifanya hivyo kwa watu 264. Saks, asilimia 62 waliitamka r, yote au mara moja moja. Klein, asilimia 20. Na wote walikuwa wauzaji tu, si wenye maduka. Walibeba matamshi ya wateja wao.

Kutoka: Deo, Reading

Baba Imani, mimi nilitaja t. R sikuitaja. Soma kwanza.

Kutoka: Mzee Salim, Portsmouth

Marahaba Mama Zawadi. Usivunjike moyo, mwanangu. Mwaka 1941 BBC walimweka Wilfred Pickles asome habari, mtu wa Halifax, hapo jirani kwako. Wasikilizaji walilalamika, na alikuwa Mwingereza wa kuzaliwa. Matamshi waliyoyazoea redioni ni yale mtaalamu wa fonetiki Daniel Jones aliyoyaandika kwenye kamusi yake ya matamshi ya 1917, ya watu waliosoma shule za bweni za kulipia. Wachache mno, lakini ndio waliokuwa na ofisi.

Ushauri wangu: sema taratibu, fungua kinywa. Hata sisi Unguja tulisemwa na wenzetu, ila Kiswahili chetu ndicho kikachaguliwa kuwa sanifu.

Kutoka: Njeri, Coventry

Mzee, kwa heshima zote, kilichaguliwa kwenye mkutano wa 1928 uliofanyikia Mombasa, na watu wa Mombasa hadi leo hawajafurahi. "Taratibu" haimsaidii anayesikilizwa na mtu ambaye ameshaamua.

Na sisi tusijitoe. Nairobi ukishrabu darasani, yaani lugha ya nyumbani ikaingilia Kiingereza chako, ukasema "lice" badala ya "rice", unachekwa hadi unyamaze muhula mzima. Mimi nilinyamaza. Waliokuwa wakicheka ni wale wa kuletwa na gari.

Kutoka: Bi Asha, Bristol

Nimesoma hiyo ya r nikalia. Hapa Bristol dereva wa basi anaitamka kama mimi, ndiyo maana nilipofika nilipapenda. Lakini mwanangu wa miaka saba, juzi kaongea na bibi yake Tanga kwa simu. Bibi kamuuliza kama shamba walilotembelea na shule lina ng'ombe. Mtoto anasema "ngombe", g imejaa mdomoni. Bibi kamwambia rudia. Akarudia vilevile. Mara ya tatu bibi akasema basi mjukuu wangu, nipe mama yako. Tangu hapo kila usiku tunakaa jikoni tunasema ng'ombe, ng'oa, ng'ara. Kama kuna mwenye vitabu vya watoto vya Kiswahili niko tayari kulipia posta.

Kutoka: Deo, Reading

Na sasa serikali ya hapa inapandisha kiwango cha Kiingereza cha wahamiaji, B1 iwe B2. Viongozi wetu wakija London wanakula hoteli na balozi, hakuna anayelisemea hili.

Kutoka: Mama Zawadi, Leeds

Asanteni wote. Bi Asha, ninavyo vitatu, nitavituma. Ila jamani: HR au DPO? Nataka iondoke Jumatatu.

Kutoka: Mzee Salim, Portsmouth

Bi Asha, mama yako yuko Tanga ipi, Ngamiani? Nilisoma na watu wa huko.